Majibu ya maabara yasibaki kwa muuzaji maji peke yake

Kwa Mhariri,

Naandika kuhusu kampuni binafsi inayotuuzia maji sisi wakaazi wa sehemu moja ya Kisauni, hapa Mombasa. Jina lake silitaji, kwani ninaloomba linamhusu kila mtu aliyechimba kisima, akavuta mabomba hadi milangoni mwa watu na kupokea pesa zao kila mwezi. Naomba majibu ya vipimo vya maji hayo yatoke maabara na kwenda moja kwa moja kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, kisha yabandikwe mahali mteja atakapoyasoma. Kwa sasa yanaishia kwenye droo ya muuzaji.

Pita nyumba za huku kwetu utaona kipande cha leso kuukuu kimefungwa kwenye mdomo wa mfereji. Kifungue baada ya siku mbili tu, utakuta utelezi wa kijani, chembe nyeusi na mchanga kidogo. Leso hiyo inazuia kile kinachoonekana. Lifuate bomba lenyewe nyuma ya nyumba: limelazwa ndani ya mtaro wa maji machafu, na pale lilipopasuka limezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Kampuni hufungulia maji saa chache kisha hufunga, na hapo ndipo penye hatari. Bomba likijaa na kuwa na nguvu, maji huvuja kutoka ndani kwenda nje. Likifungwa na nguvu ikaisha, ufa ule ule hufyonza vilivyo nje. Uchafu wa mtaroni huingia ukakaa humo, na maji yakifunguliwa tena ndio unaotangulia kwenye mtungi. Kina mama wa huku wanalijua hilo bila ya kuambiwa na mtu. Ndoo ya kwanza ni ya kuoshea choo.

Kisima nacho kina mambo yake. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo una matundu na nyufa. Panapokuwa na vyoo vya shimo karibu na kisima, maji ya chooni hupata njia upesi. Pampu ikivuta kupita kiasi, maji ya bahari nayo husogea ndani. Tumezoea kulalamikia chumvi kwa sababu ulimi unaitambua, lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina ladha, na maji meupe kabisa yanaweza kuvibeba. Kisha kuna nitrati, kemikali ambayo hutokana na vinyesi vilivyopenya ardhini. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe huzidi kukolea, na anayedhurika zaidi ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Kwa hiyo ushauri wa "chemsheni tu" tunaopewa kila tunapolalamika ni nusu ya jibu, na gharama yake ya makaa au gesi inamwangukia yule yule aliyekwisha lipia maji.

Tulipokwenda ofisini kwao kuuliza, tuliambiwa maji yamepimwa na yako sawa. Tukaomba kuiona karatasi. Jibu likawa kwamba karatasi ni ya kampuni. Wakati huo kulikuwa na watoto wanaoharisha katika nyumba kadhaa zinazotumia laini moja ya bomba. Siwezi kuapa kwamba ni maji yaliyowaumiza. Kampuni nayo haiwezi kuapa kwamba siyo. Kitu ambacho kingetuamua ni karatasi ile, nayo imefungiwa.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikuacha shaka katika jambo hili. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia akidhurika kwa kasoro zake. Kifungu hicho kinasema wazi kwamba kinawahusu pia watu na kampuni binafsi. Mtu asituambie basi kwamba mabomba ni mali yake na kwa hivyo vipimo ni siri yake. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 nayo inazigusa kampuni binafsi zinazotoa huduma kwa umma, na anayeombwa habari anatakiwa ajibu ndani ya siku 21. Na tangu ugatuzi uanze, huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti, hata pale ambapo mwenye bomba ni mtu binafsi.

Kiwango chenyewe si kigumu kukielewa. Katika mililita 100 za maji ya kunywa, kijidudu cha kinyesi kiitwacho E. coli hakitakiwi kuonekana hata kimoja. Kipimo hicho huchukua takriban siku nzima maabara, na majibu yakitoka maji yamekwisha nyweka. Ndiyo maana hupimwa kila siku klorini, ile dawa ya kuua vijidudu majini. Unatia kidonge kwenye kichupa cha maji yaliyotoka mfereji wa mwisho kabisa, yanageuka rangi ya waridi, unalinganisha na kadi. Ikiwa klorini iliyobaki haifiki miligramu 0.2 kwa lita, kuna kasoro mahali fulani. Ni kazi ya dakika chache. Kampuni inayotuma mtu kusoma mita yangu haiwezi kunieleza kwamba haina mtu wa kutia kidonge kwenye kichupa.

Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton jimboni Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisukuma samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kimoja cha mji. Waliosimamia maji walikuwa na mazoea ya kuandika daftarini vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima. Maabara iliona kwamba maji yamechafuka ikawapelekea wao majibu. Ofisi ya afya ilipopiga simu kuuliza, iliambiwa maji ni mazuri. Watu 7 wakafa, na zaidi ya 2,000 wakaugua. Shirika lile lilikuwa la umma, kwa hiyo sisemi kwamba mtu binafsi peke yake ndiye wa kuogopwa. Nasema majibu yalikwenda kwa mtu mwenye sababu ya kuyaficha. Baada ya msiba huo Ontario ilibadili sheria, na siku hizi maabara ikikuta maji mabaya inawajibika kuiarifu ofisi ya afya yenyewe. Sisi tunangoja nini?

Najua nitakavyojibiwa: ukiibana kampuni itafunga, na mtarudi kununua maji ya mkokoteni. Hofu hiyo naielewa, tena ni ya kweli. Maji ya kaunti hutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho upande wa Kilifi, Marere na Tiwi upande wa Kwale, wala hayatoshi. Ndiyo maana tumenunua kwa mtu binafsi tangu mwanzo. Wala siombi kampuni ifukuzwe. Tumeona Dar es Salaam: kampuni binafsi ya City Water ilipewa kazi ya kuendesha maji ya jiji mwaka 2003, mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba, kesi zikaendelea nje ya nchi kwa miaka, na aliyekuwa na mfereji mkavu hakunufaika na kesi hizo. Ninachotaka ni kampuni ibaki na ifanye kazi mbele ya macho yetu.

Njia ya kutufikia wanayo. Bili ikichelewa, ujumbe wa simu hutufikia kabla ya jua kuchomoza. Ujumbe kama huo unaweza kusema: klorini leo ni kiasi hiki, au, leo msinywe, bomba limepasuka. Siku ambazo maji hayafai kunywa zisitozwe bei ya maji ya kunywa, na kampuni ilete boza la maji safi kwa gharama yake hadi vipimo virudi vizuri. Na bomba litolewe mtaroni. Hilo la mwisho halihitaji hata maabara.

Wakaazi tumekwisha iandikia kampuni kuomba majibu ya vipimo, nakala tukapeleka kwa afya ya umma na kwa bodi ya WASREB inayosimamia watoa huduma za maji. Siku za sheria zikipita kimya, malalamiko yatakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosimamia sheria hiyo ya habari. Wenzetu wa Likoni, Changamwe na Jomvu mnaonunua maji ya bomba kwa watu binafsi, iombeni nanyi karatasi hiyo, kwa maandishi, na mweke nakala.

Na idara ya afya ya kaunti naiomba ijibu kupitia gazeti hili: ni wauzaji binafsi wangapi wa maji ya bomba iliowapima mwaka huu, ni wangapi walioshindwa, na walioshindwa wamechukuliwa hatua gani?

Mkaazi,
Kisauni, Mombasa