Wasipewe levo kabla ya grisi

Mhariri,

Vijana wanaojifunza ekskaveta (mtambo wa kuchimba) kwenye saiti za Dar es Salaam hukabidhiwa levo, yaani mikono ya kuendeshea mtambo, siku ya kwanza. Ni makosa. Waanze na grisi: pini za ndoo na za mkono zipigwe grisi kila siku hadi ile chafu itoke pembeni. Pini kavu hula bushi (bomba la chuma ambamo pini hukaa), ndoo huanza kucheza, na kusawazisha mtaro kunakuwa shida. Oili ya injini ipimwe mtambo ukiwa tambarare, umezimwa. Rejeta ya moto isifunguliwe kabisa.

Baada ya kazi nzito, injini isizimwe ghafla. Iachwe ingurume taratibu dakika 3 hadi 5, la sivyo oili iliyobaki ndani ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) lenye moto huungua na beringi huharibika.

Na mchanga wa Mbagala au Kigamboni, jamani! Ukingo wa mtaro humeguka bila taarifa, hasa masika. Minyororo ambayo mtambo hutembelea ielekee mtaro, isilale sambamba nao, na mota za kutembeza zikae nyuma ili mwendeshaji aweze kurudi nyuma upesi. Wakandarasi, wapeni muda wa kujifunza haya.

Waendesha mitambo,
Temeke, Dar es Salaam