Tumefungwa kwa ubovu wetu, VAR mnaisingizia tu

Ndugu mhariri, naomba kanafasi nitoe la moyoni maana wenzangu ninaoangalia nao mpira nikisema haya wananiita mamluki. Juzi tumefungwa moja bila na goli letu limekataliwa na VAR, wale marefa wanaoangalia marudio kwenye video, eti straika kazidi, yaani ofsaidi, kwa ncha ya kiatu. Tangu siku hiyo ni kelele tu, tumeibiwa, tumeonewa, jamaa yangu mmoja kaipiga picha ile ofsaidi kaizungushia duara jekundu anamwonyesha kila anayepita, yaani anapima vidole vya mguu kama fundi cherehani.

Sasa mi ile mechi niliiangalia mwanzo mwisho. Goli lilikataliwa dakika ya 12. Kumi na mbili jamani! Zilibaki 78 na nyongeza juu, tukafanya nini? Beki anampa kipa, kipa anamrudishia beki, beki anabutua mbele kwa straika ambaye kagandwa na watu wawili. Kona zetu zote zinaishia kwenye kichwa cha beki wa kwanza. Kipindi cha pili winga wetu kabaki yeye na kipa akapaisha mpaka jukwaani, hapo nako VAR ilihusika?

Kombe la Dunia 2022 Argentina walikataliwa magoli matatu ya ofsaidi walipocheza na Saudi Arabia, tena kipindi cha kwanza peke yake, wakalala 2-1. Si ndo hao hao walibeba kombe?

Sisemi VAR haikosei. Lile goli la Luis Díaz wa Liverpool kule kwa Tottenham, Septemba 2023, linauma hata kwa sie tusio wao: kibendera kimenyooshwa kuwa ni ofsaidi, refa wa VAR kule chumbani anaangalia marudio anaona goli safi kabisa, ila kajisahau anadhani uwanjani wamelikubali, akasema tumemaliza, mpira ukaendelea. Kuja kushtuka wameshachelewa, sheria hairuhusu kurudi nyuma. Lakini picha ilionyesha ukweli, aliyechemka ni binadamu. Hata klabu ya Wolves walipopeleka hoja 2024 VAR ifutwe Ligi Kuu ya Uingereza, klabu 19 zilikataa wakabaki peke yao.

Mimi kinachonikera ni kusubiri. Ushashangilia, ushamkumbatia mtu hata humjui, mara refa kashika sikio, mnasimama kama mnasubiri majibu ya mtihani na hamjui anacheki nini, mkono, ofsaidi au faulo ya huko nyuma. Kombe la Dunia la wanawake 2023 refa alikuwa anatangaza uamuzi kwa maiki uwanja mzima unasikia, hilo mimi nalitaka kila mahali.

Ila VAR inaingilia mambo machache tu, kama goli, penati, kadi nyekundu, na refa akimpa kadi mtu siye. La kutufundisha kumalizia halimo. Nilimwambia hivyo hivyo yule jamaa wa duara jekundu, nikamwambia achore na lingine pale winga alipopaishia. Hajanijibu mpaka leo, na nasikia mechi ijayo ataangalia kwao.

Shabiki mwenzenu