Dada, choo kikigoma usininyamazie

Shikamoo dada. Najua utasema nimeanika mambo ya ndani, lakini namba yangu umeiblock na salamu ninazotuma kupitia watu unasema hazikufiki, sasa nikuandikie wapi? Mwanao ndo kaniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe nikamuuliza mbona mama yako siku hizi ana hasira hivyo, akasema anakaa mpaka siku nne hajaenda choo, tumbo limejaa, na kila usiku anakunywa sanamaki, yale majani ya kuendesha tumbo.

Kila usiku dada? Sanamaki inafanya kazi, sikatai, inaulazimisha utumbo ujikamue na asubuhi unapata, lakini ni ya siku chache. Ukiona huwezi kwenda bila hiyo ujue kuna kitu hakijaangaliwa.

Halafu tuelewane, si lazima mtu aende kila siku. Kuna wa mara 3 kwa siku na kuna wa mara 3 kwa wiki na wote wazima. Ikishuka chini ya hapo, au kinatoka vigololi vikavu na unajikamua mpaka jasho, hapo ndo choo kimefunga. Utumbo mpana unanyonya maji, kwa hiyo mzigo kadri unavyokaa ndani ndivyo unavyokauka, na wewe ukibanwa unajizuia eti mpaka umalize kazi. Nakujua. Tukiwa wadogo ulikuwa unajizuia safari nzima usiingie choo cha watu, mimi naingia nawe unanilindia mlango, na nilikuwa najisikia salama sana ukiwa pale nje.

Kwenye chakula sina maajabu. Mtu mzima anatakiwa apate kama gramu 25 mpaka 30 za nyuzinyuzi kwa siku na wengi wetu hatufiki. Maharage, dengu, mboga, papai, parachichi, tunda linaloliwa na ganda lake lile na ganda, unga usiokobolewa. Kiwi mbili kwa siku zimewasaidia watu wengi. Plamu zilizokaushwa zina sukari moja inaitwa sorbitoli, haifyonzwi yote, inavuta maji utumboni na choo kinalainika. Ila usivamie vyote siku moja utajaa gesi halafu useme mdogo wako kakuroga. Ongeza taratibu, wiki kwa wiki, na maji.

Maji dada. Hapa ndo siwezi kupita haraka.

Mama alikuwa ametoka kufanyiwa operesheni ya nyonga, yuko kwenye vidonge vikali vya maumivu, vile vya ukoo wa mofini, na vya kuongeza damu, vya madini ya chuma, juu yake, na vyote viwili vinafunga choo. Wewe ukawa unamkorogea pumba za ngano kwenye uji, kijiko juu ya kijiko, na jagi la maji ukalitoa kwenye meza ya pembeni ya kitanda ukaliweka juu ya kabati ili asinywe sana, asitake kunyanyuliwa usiku. Pumba bila maji ni saruji dada. Nilikwambia palepale, kwa sauti ya chini, hizo dawa zinaulaza utumbo, hayo mapumba yatajazana tu nyuma, tumuulize daktari. Ukageuka, chumba kimejaa wageni, ukasema "Daktari Papai kaingia, tumpisheni." Wakacheka. Mama naye alicheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Usiku ule alilia chooni. Nilikuwa nimemshika mimi. Daktari kesho yake akasema yaleyale, kwamba mtu wa dawa zile anatakiwa aandikiwe na ya kulainisha choo tangu mwanzo, na wewe ulikuwepo ukaangalia simu. Mpaka leo hujasema neno.

Mama alikufa kwa mengine kabisa. Sijawahi kukulaumu kwa kifo, aliyekuletea hayo maneno ni mwongo na anajijua. Nilichosema ni cha jagi. Na jagi nililirudisha mimi, na zamu zangu za usiku nilimnyanyua kila alipoomba, sasa watu wasiseme nilikuja kuongea tu. Wewe ulipika, ulifua, ulimwogesha, hilo nalisema popote.

Sasa nasikia na wewe umeanza vidonge vya madini ya chuma. Unaona? Usiviache kichwa kichwa, rudi kwa aliyekuandikia umwambie vinakufunga, kuna kubadilisha dozi au aina. Na ile enema ya maji ya sabuni, ya kupitishwa kwa nyuma, uliyoambiwa na majirani usiiguse, inaweza kuunguza utumbo. Asubuhi ukishakunywa chai nenda ukakae hata kama hujabanwa, utumbo huamka ukishaweka kitu tumboni. Miguu weka juu ya kistuli magoti yapande juu ya nyonga, njia inanyooka. Simu iache nje.

Ukiona damu, uzito unashuka bila sababu, au tumbo limevimba unatapika na hata gesi haitoki, achana na mimi na papai langu uende hospitali siku hiyohiyo. Na umri wako sitautaja hapa mbele za watu, ila choo kikibadilika tabia ghafla baada ya miaka 50 mtu anakwenda kupimwa.

Mwanao nimempa plamu kavu, pakiti mbili, tumekubaliana aseme kanunua yeye. Anza na tatu nne asubuhi, na glasi ya maji. Uimalize.