Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kikundi cha Ulinzi Shirikishi cha Mtaa, 2024

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Ofisa Mtendaji wa Mtaa, Mkaguzi wetu wa Polisi wa Kata, wajumbe wa mashina, wazee wetu, mama zetu na vijana wa doria: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo. Nampongeza Mwenyekiti mpya wa Mtaa na wajumbe wake waliochaguliwa Novemba 27, na namwomba aendeleze ushirikiano ambao uongozi huu umeujenga kwa jasho, tangu wakati polisi walikuwa wakifika mtaani kwetu kuchukua maiti tu.

Shughuli za kawaida mnazifahamu. Doria za usiku zilifanyika mwaka mzima, isipokuwa siku za Aprili na mwanzoni mwa Mei, mvua zilipofunga bonde na kimbunga Hidaya kikatangazwa. Taa za njia ya msikitini na ya kanisani zimetengenezwa. Vigodoro, zile ngoma za kukesha mitaani, vimepungua baada ya Mtendaji kukubali ombi letu la kutotoa kibali cha muziki unaovuka saa sita usiku. Meza ya pool iliyokuwa jirani na shule ya msingi imeondolewa. Bodaboda wa kituo cha juu wanavaa vizibao vyenye namba. Pagale la bondeni, ambalo kwa miaka lilikuwa kijiwe cha kuvutia unga, yaani heroini, limezibwa kwa mabati. Mwenye nyumba alipigiwa simu na mimi mwenyewe, akaelezwa kwamba Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inambana hata mtu anayeruhusu jengo lake litumike kwa kazi hiyo huku akijua. Mabati yalifika wiki hiyo hiyo.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa sana vibarazani, sokoni na kwenye misiba: uamuzi wa Kamati wa kuwaondoa walinzi wawili na kutumia fedha za kikundi kwa nauli za mateja, yaani vijana waraibu wa unga, kwenda kliniki.

Usiku ule wa Juni vijana wetu walimkuta kijana mmoja nyuma ya nyumba za wapangaji, ana spana mkononi na mita ya maji ya shaba ndani ya mfuko wa sandarusi. Kumkamata ilikuwa kazi yao na waliifanya vizuri. Mjumbe wa shina alinigongea dirisha, na nilipofika nilimkuta amefungwa kwa kamba ya manila kwenye nguzo ya umeme, mgongo umechanwa kwa waya, damu imeshuka hadi kwenye ndala. Watoto wadogo walikuwa wameamshwa waje kutazama. Mtu mmoja alikuwa anaburuta tairi kutoka gereji, na mwingine, ambaye ni mwanachama wetu, alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya taa. Nilisimama kati ya yule kijana na watu, na nilitukanwa matusi ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Tulimfungua, tukampeleka kituoni, tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali. Alikuwa hai.

Kamati ilikaa, ikawahoji walinzi wote wa zamu, na wawili waliokiri kumpiga akiwa ameshafungwa wakaondolewa. Wapo wanaosema mwenyekiti analea mateja. Wapo wanaosema nimewavunja moyo vijana wa doria. Wapo waliofika nyumbani kwangu kunitaka nirudishe "sungusungu wa zamani", wale walinzi wa jadi. Nawajibu wote leo.

Sheria ya nchi inamruhusu raia kumkamata mtu anayemkuta akitenda uhalifu, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haitupi ruhusa ya kuhukumu wala kutoa adhabu. Kikundi hiki kina daftari la zamu lenye majina na saini. Yule kijana angefia pale kwenye nguzo, polisi wasingehangaika kutafuta nani alikuwepo. Wangefungua daftari letu, na watoto wenu ambao leo mnasema nimewavunja moyo wangekuwa mahabusu kwa kesi ya mauaji. Hao wanaonilaumu wasingewapelekea hata chakula.

Kuhusu sungusungu, tunaokumbuka tunajua walianza Shinyanga na Tabora miaka ya 1980, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na kuuawa na majambazi. Nawaheshimu kwa walichokifanya. Lakini kule mwizi wa ng'ombe alikuwa anatoka mbali. Wa kwetu amezaliwa hapa hapa, mama yake anauza maandazi asubuhi, na baadhi yetu tulimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Tukimchoma, msibani tutakaa wapi?

Mateja wanatuibia, sibishi. Nami nimeibiwa. Tena si sufuria na nguo za kwenye kamba tu, ni mabomba, nondo, mifuniko ya chemba, hadi kengele ya geti. Lakini mita ya maji hailiwi wala haivutwi. Anayeiiba anaikimbiza kwa mtu mwenye mizani, na mtu huyo ana meza, ana kiti, anafungua saa kumi na mbili asubuhi kila siku mbele ya macho yetu. Hilo nililisema tangu mwaka juzi, nikaonekana nina ugomvi binafsi na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwezi Agosti, kwa msisitizo wangu, Mkaguzi wa Kata aliongozana nasi hadi kwenye banda moja, na chini ya rundo la makopo zikatoka mita zenye namba za nyumba zetu. Kuanzia Januari hadi Agosti tulipokea taarifa 19 za wizi wa mita na mabomba. Kuanzia Septemba hadi Desemba zilikuwa 3. Hakuna mtu aliyefungwa kwenye nguzo kuanzia Septemba hadi Desemba.

Mkumbuke pia kwamba Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Tani 3! Mzigo ule haukuingizwa nchini na kijana anayelala juu ya boksi kituo cha daladala. Mwenye taarifa za muuzaji apige 119, simu ya bure ya Mamlaka, badala ya kunong'ona kwangu halafu akikutana na pusha anamwamkia kwa heshima zote.

Sasa nauli. Kliniki ya kwanza ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ya Mwananyamala ikafuata 2012, na ya Temeke 2014. Dawa ni bure. Kijana anainywa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu. Haimleweshi kama unga. Inamwondolea arosto, yaani yale maumivu ya mifupa, kuharisha na makamasi yanayomfanya aamke alfajiri akiwaza kitu cha kuiba kabla hajawaza kunawa uso. Lakini kijana hapokelewi kienyeji, anaandaliwa kwanza na asasi zinazofanya kazi hiyo vijiweni. Na kutoka kwetu hadi Mwananyamala ni daladala, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Teja akikosa nauli ya asubuhi, ataitafuta kwenye geti lako.

Ndiyo maana Kamati iliwalipia nauli vijana sita katika wiki zao za mwanzo, shilingi 168,000 kwa jumla. Wanne kati yao wanaendelea hadi leo. Mmoja anaosha magari pale kona, na wengi wenu mnampa kazi bila kujua ni yule yule wa kwenye nguzo. Nilipendekeza mimi, nikalitetea mimi, na leo ingeletwa tena ningepiga kura ile ile. Wawili walioacha wanajulikana na tunawafuatilia.

Mahesabu, kwa ufupi. Kaya 212, ada shilingi 3,000 kwa mwezi. Tulipaswa kukusanya 7,632,000. Tulikusanya 3,414,000. Matumizi: posho za walinzi 2,460,000, vifaa (tochi, filimbi, buti, makoti ya mvua) 486,000, taa 172,000, nauli 168,000. Jumla 3,286,000, baki 128,000. Mweka Hazina ana stakabadhi zote mezani. Anayedai fedha zimeliwa asogee aonyeshe zimeliwa wapi.

Deni la ada ni 4,218,000, na hapa nasema kwa uchungu. Waliopiga kelele zaidi kuhusu ile 168,000, zaidi ya nusu yao hawajalipa ada hata ya mwezi mmoja. Wapo wenye nyumba za ghorofa wanaolindwa usiku na kijana anayepata posho isiyofika elfu moja kwa zamu, na mgambo wa ada akigonga wanamtuma dada wa kazi aseme baba kasafiri. Septemba 2022, hofu ya panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, ilipoikumba Dar es Salaam, watu walipanga foleni kwangu kulipa hadi za miezi ijayo, na wanaume wazima waliomba zamu. Hofu ilipoisha, daftari likarudi kuwa jeupe. Panya road wakirudi kesho, filimbi zitanunuliwa na nani?

Mahudhurio nayo ni hayo hayo. Mkutano wa Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi. Wa Oktoba ulifanyika na akina mama watupu na wazee watano. Lakini kile kikao cha dharura cha Juni, cha kutaka niondolewe, uwanja haukutosha, na wengine walisimama juu ya ukuta wa shule. Kumbe nafasi mnayo.

Kwa mwaka unaofuata tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kibanda cha lindo chenye umeme, kuongeza walinzi, kuwapatia vijana mafunzo ya mgambo, na kuzungumza na wafadhili kuhusu nauli za kliniki ili zisitegemee ada peke yake. Tunatarajia pia Serikali ya Mtaa itatusaidia kuwashughulikia wanunuzi wa vyuma chakavu wasio na leseni. Mazungumzo yameanza na yanaendelea vizuri.

Orodha ya wadaiwa imebandikwa mlangoni mwa ofisi ya mtaa kuanzia leo, kaya kwa kaya, na Mweka Hazina atapokea malipo hapa hapa hadi saa kumi na mbili jioni.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti