Rasimu ya kwanza isihukumiwe kama mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia kila vyuo vinapopokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nalo ni malalamiko ya wahadhiri kwamba vijana wanaotoka kidato cha sita hawajui kuandika. Nimefundisha stadi za mawasiliano kwa miaka tisa katika chuo kimoja hapa Mwanza, na kwa muda mrefu nilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Siku hizi naona lawama hiyo imeelekezwa kusiko, maana tunamlaumu kijana kwa kutoweza kazi ambayo hakuna aliyewahi kumruhusu aifanye zaidi ya mara moja.

Tuitazame safari yake. Mtoto wa Magu au Ukerewe huanza kusema Kisukuma au Kikerewe nyumbani, husoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili huku Kiingereza kikiwa somo tu, kisha akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote, ukiacha lile la Kiswahili lenyewe, yanafundishwa kwa Kiingereza. Kwa miaka sita ya sekondari insha kwake ni jibu la mtihani: huandikwa kwa haraka, hukusanywa, hupigwa wino mwekundu na kurudishwa ikiwa na alama isiyobadilika tena. Akifika chuoni huambiwa alete kurasa nane zenye hoja, ushahidi na marejeo, naye hufanya analolijua, yaani kukusanya sentensi za wengine na kuzipanga. Sisi tunauita wizi wa kitaaluma, na ni kosa kweli, lakini kwa wengi ni kukariri kule kule kulikozoeleka, safari hii kumehamia kwenye karatasi.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mvuvi kutoka Ukerewe, aliniletea insha kuhusu biashara ya dagaa. Kiingereza chake kilikuwa safi kuliko kawaida yake, kimejaa maneno mazito kuhusu uchumi wa Ziwa Victoria, na hakikusema lolote. Nilimwomba aifunike ile karatasi anieleze kwa Kiswahili. Alizungumza karibu nusu saa. Alieleza kwa nini mitumbwi hupumzika ufukweni mbalamwezi inapokuwa pevu, kwa kuwa mwanga wa taa hauwavuti dagaa usiku ambao ziwa lote linang'aa. Akaeleza kwamba dagaa walioanikwa mchangani huuzwa kwa bei ya chini kuliko wa kwenye chanja, na kwamba hata hivyo kina mama wengi huendelea kuanika mchangani kwa sababu chanja hudai miti, nyavu na fedha ambazo hawana. Na mvua ikiwakuta dagaa kabla hawajakauka, mzigo huishia kuwa chakula cha kuku. Hapo palikuwa na dai, sababu, ushahidi, na hata pingamizi pamoja na jibu lake, mambo yote ambayo nilikuwa nimeyaandika ubaoni wiki sita mfululizo nikidhani hayajamwingia.

Nilimtaka ayaandike hayo kwa Kiswahili kwanza, na pale neno la Kikerewe linapokuwa sahihi zaidi aliache lilivyo. Baadaye akaiandika upya kwa Kiingereza, si kwa kufasiri sentensi moja moja bali kwa kuifuata hoja. Rasimu hiyo ilikuwa na makosa ya sarufi karibu kila mstari, nami niliifurahia kuliko ile safi.

Hata makosa yenyewe yana utaratibu wake. Anayesema "kitabu nilichokisoma" hukibeba kile kiambishi "ki" cha mtendwa hadi katika Kiingereza, ambako hakihitajiki, akaandika "the book which I read it". Anayetumia "yeye" kwa mwanamume na mwanamke vilevile huchanganya viwakilishi. Na kwa kuwa Kiswahili hakina vile vijineno ambavyo Kiingereza hutanguliza mbele ya nomino, yaani "a" na "the", mwanafunzi huviacha au huviweka pasipostahili. Haya yanafundishika kwa saa chache ikiwa mwalimu atayaonyesha makundi yake. Karatasi iliyopigwa wino mwekundu mwanzo hadi mwisho haimwonyeshi kundi lolote, na nimewaona vijana wakiikunja na kuitia mfukoni kabla hawajatoka mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba kuruhusu Kiswahili katika hatua ya kupanga mawazo ni kukiua Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa zamani na sikusudii kuufufua hapa. Ninachozungumzia ni karatasi ya mwanzo, ambayo haipewi alama. Wengine watasema rasimu ni kupoteza muda zama hizi ambapo insha hupatikana steshenari, au kwa akili mnemba kabla chai haijapoa. Kwangu hiyo ni sababu ya kuzidai rasimu, kwa kuwa mwanafunzi aliyenionyesha kwa wiki tatu jinsi hoja yake ilivyobadilika hana haja ya kuapa kwamba kazi ni yake.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la idadi. Somo letu huwa na wanafunzi 300 katika ukumbi mmoja, na ndiyo maana mtihani wake umeishia kuwa wa kuchagua herufi, jambo la ajabu kwa somo la kuandika. Lakini tupige hesabu. Insha fupi ya ukurasa mmoja, ikisomwa kwa dakika kumi, kwa wanafunzi 300 ni saa 50. Walimu watatu wakigawana, kila mmoja ana saa zisizofika 17 kwa rasimu moja, na muhula una wiki kumi na tano hivi. Wanafunzi wakisomeana kwanza katika makundi ya watu sita, rasimu zitakazomfikia mwalimu zitakuwa zimeshachujwa. Kinachohitajika ni wakuu wa idara kuzihesabu saa hizo kama saa za kufundisha, maana kwa sasa anayesoma rasimu huzisoma usiku, nyumbani kwake, na katika ratiba yake ya kazi huonekana hakufanya kitu.

Mwalimu wa mwaka wa kwanza,
Igoma, Mwanza.