Yaangalie vizuri macho ya Baba Neema

Nakuru,
Jumapili jioni

Mpendwa Nafula,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba Neema. Umeniuliza kuhusu kope za mtoto wako Neema, halafu kuhusu wifi yako aliyekoma hedhi akiwa na miaka 29, kana kwamba hayahusiani. Kwa ulivyoeleza, yanaweza kuwa jambo moja, hali ya kurithi ya kope iitwayo BPES, na limetoka upande wa baba.

Chukua rula umpime Baba Neema jicho kutoka pembe hadi pembe. Mtu mzima kwa kawaida hufikia milimita 25 hadi 30. Mwenye hali hii ana 20 hadi 22 tu. Tazama pia kama ukope wa juu umelegea, kama pembe za ndani za macho zimeachana mno, na kama kuna mkunjo wa ngozi unaoanzia ukope wa chini na kupanda kando ya pua. Yakiwapo yote manne, daktari atataja BPES.

Chanzo ni jeni iitwayo FOXL2, iliyotambuliwa 2001. Inahitajika kope zinapojiunda tumboni, na baadaye katika seli zinazolea mayai ndani ya ovari. Kila mtu ana nakala mbili; moja ikiharibika inatosha, na kila mtoto, awe wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. BPES ina aina mbili. Ya kwanza huharibu kope na pia huchosha ovari mapema. Ya pili huishia kwenye kope. Mwanamume mwenye aina ya kwanza huzaa bila shida. Kwa hiyo kaka anajaza nyumba watoto, dada hapati hata mmoja, na wazee wanaanza kutafuta aliyelaani! (Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wanajua hitilafu inayokaribiana nayo: pandisha jike na dume wote wasio na pembe, na baadhi ya majike huzaliwa na maumbile ya kidume. Hitilafu hiyo iko karibu na jeni hiyohiyo.)

Kwa Neema, haraka ni ya kuona, urembo baadaye. Ukope ukifunika mboni, ubongo hauzoei kulitumia jicho hilo, na ukichelewa hata miwani haitalirudisha. Mpeleke kliniki ya macho sasa, hospitali ya Jaramogi kule Kisumu au hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga, apimwe miwani na makengeza. Upasuaji wa pembe za ndani za macho kwa kawaida hufanywa kati ya miaka 3 na 5, na kope huinuliwa kama mwaka mmoja baadaye. Ukope ukiziba mboni kabisa, hawangoji. Pembe hutangulia kwa sababu kuzivuta kunaweza kuushusha ukope zaidi. Msuli wa kuinua ukope huwa dhaifu mno, kwa hiyo daktari huuning'iniza kwenye msuli wa kipaji cha uso. Baadaye Neema anaweza kulala macho yakiwa wazi kidogo na konea, kioo cha mbele cha jicho, ikakauka; usiache kumpaka mafuta ya macho utakayoandikiwa.

Wifi yako apimwe FSH (homoni inayotoka chini ya ubongo kuziamsha ovari) na estrojeni (homoni ya kike ya ovari), arudie baada ya wiki 4, na afanyiwe altrasaundi. Kama anatumia vidonge vya kupanga uzazi amwambie daktari kwanza, maana huficha majibu. FSH ikizidi 25 IU/L mara zote mbili, ovari zimechoka. Hapo asiuziwe vidonge vya kuamsha mayai: ubongo tayari unapiga kelele, ovari ndizo zisizoitikia. Anachohitaji kwa hakika ni estrojeni pamoja na mwenzake projesteroni hadi karibu miaka 50, kwa ajili ya mifupa na moyo, isipokuwa daktari aone sababu ya kuzikataza. Mji wa mimba hauna kosa, kwa hiyo yai la kuchangiwa linaweza kukua humo.

Hedhi ya Neema huenda ikaanza kwa wakati wake kama ya wenzake. Isikutulize. Aonwe na daktari wa wanawake tangu inapoanza, ili kama mayai yapo, suala la kuyahifadhi lijadiliwe mapema. Kipimo cha jeni kinathibitisha ugonjwa, lakini si kila mara kinatabiri aina; kwako shangazi yake ni dalili kubwa zaidi.

Ukienda kliniki, beba picha za utotoni za Baba Neema, dada yake na babu. Kisha niandikie walichosema kuhusu mboni, hilo ndilo linaloniharakisha.

Rafiki yako,
Chebet