Tuvinusuru vitabu na masika

Mhariri,

Masika yakiingia Dar es Salaam, Machi hadi Mei, vitabu vingi huharibika vikiwa ndani, bila kudondokewa hata na tone la mvua. Hewa ikikaa na unyevu unaozidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota, na mara nyingi huanzia pale rafu inapogusa ukuta wa nje. Tunawasihi wasomaji wenzetu wasogeze rafu sentimita 5 kutoka ukutani na wasivibananishe vitabu. Kitabu kilichobanwa hakipati hewa, na ukikivuta kwa ncha ya juu ya mgongo, jalada hung'oka.

Kikilowa, usikianike juani: kurasa hujikunja na gundi hukakamaa. Kisimamishe, kitanue kidogo, weka karatasi nyeupe ya kunyonya maji kila baada ya kurasa 20 hivi, ubadilishe kila zinapolowa, huku feni ikipuliza kwa pembeni. Gazeti halifai, wino wake huhamia kwenye kurasa. Ukungu nao usiufute ukiwa mbichi, utausugua uzame ndani ya karatasi. Ukaushe kwanza, ndipo uutoe kwa brashi laini, nje ya nyumba, pua na mdomo vimefunikwa.

Linalotuuma zaidi ni selotepu. Baada ya miaka michache gundi yake huwa njano, plastiki inabanduka, doa linabaki. Kwa ukurasa uliochanika, unatosha ukanda wa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano, iliyopikwa laini na kupakwa kidogo sana. Ikizidi, ukurasa hukunjamana na mende huufuata.

Wapenzi wa vitabu,
Dar es Salaam